Kicheleweshi, taima au "fyuzi ya polepole": tukisema kifaa kinachelewa, tunamaanisha nini hasa?

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ya sasa ni kutafsiri maelekezo ya vifaa vya umeme, na kabla ya kushika kalamu nilishika bisibisi kwa miaka mingi. Naleta mezani neno moja ambalo naona tunalitumia kwa mazoea tu, nalo ni jina la ile mitambo ambayo ikishapewa amri haitendi papo hapo, bali hungoja muda uliopangwa ndipo itende. Mafundi wengi huiita "taima" na kumaliza. Watafsiri huandika "kifaa cha kuchelewa", "kicheleweshi", "kiahirishi", na hata "fyuzi ya polepole", kana kwamba yote ni kitu kimoja.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Niliwahi kutengeneza kabati la kukaushia lenye hita na feni, ambalo hita ikizimwa feni inapaswa kuendelea kuzunguka kwa sekunde 90 hivi ili joto lililobaki litoke. Niliagiza "rilei ya taima, sekunde hadi dakika" (rilei ni swichi inayoendeshwa na umeme badala ya kidole). Nikaletewa rilei ya kuchelewesha kuwasha, yaani inayohesabu kwanza ndipo iwashe, nikairudisha. Safari ya pili nikaeleza vizuri zaidi, nikaletewa rilei ya kuchelewesha kuzima, nikafurahi, nikaifunga. Nilichosahau ni kwamba rilei ile ilihitaji umeme wake wa kudumu ili iweze kuhesabu, nami nilikuwa nimeichukulia umeme kwenye waya uleule unaokatwa na swichi ya hita. Swichi ilipozimwa, hita ilizima, feni ilizima, na mwenye kuhesabu naye alizima pamoja nao. Plastiki ya kishikio cha hita ikalainika na kupinda.

Kosa lilikuwa langu, silikani. Hata hivyo nilipolitafakari baadaye niliona kwamba sentensi niliyoitumia kuagiza haikuwa na mahali pa kuweka jambo lililonikwamisha. Neno "taima" halisemi ni tendo gani linalocheleweshwa, halisemi saa inaanza kuhesabu kutoka tukio gani, wala halisemi mhesabuji anaishi kwa umeme wa nani. Kwa hiyo hoja yangu ni hii: jina la mitambo hii lisimame peke yake mara chache sana. Kila tunapolitaja, tutaje pia kinachoanzisha hesabu, tendo linalongojewa, na muda wenyewe.

Kuhusu neno lenyewe, mimi naegemea "kicheleweshi", na nina sababu ya kisarufi. Kitenzi "chelewa" kina lawama ndani yake. Aliyechelewa amefika baada ya wakati uliotakiwa, na wahenga waliosema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako hawakuwa wakimsifu mtu. Rilei ya sekunde 90 inayotenda katika sekunde ya 90 haijachelewa hata kidogo, imewahi barabara. Ndiyo maana "fyuzi ya kuchelewa" humtia mnunuzi wasiwasi, akadhani anauziwa kitu kibovu. Lakini tukipandisha kitenzi hadi "chelewesha", lawama inahama: kifaa hakichelewi, kinakichelewesha kingine, tena kwa makusudi. Kutoka hapo tunapata "kicheleweshi" kwa njia ileile iliyotupa "kiunganishi" kutoka "unganisha".

"Kiahirishi" nakikataa. Kuahirisha ni kuliondoa jambo kwenye wakati wake na kulipeleka wakati mwingine, na aghalabu kuna mtu aliyeamua hivyo baada ya jambo kupangwa. Mkutano huahirishwa. Mota haiahirishwi.

Naomba michango, hasa kutoka kwa wanaovishika vifaa hivi kila siku.

#2

Mleta uzi, asante kwa mada, ila naona unamchosha fundi bure. Dukani ukisema "taima" unaeleweka. Maneno kama kicheleweshi yatabaki kwenye makaratasi.

#3 Mleta uzi

Mkuu, nakubali kwamba "taima" ni neno hai na sina nia ya kulizika. Shida yake ni kwamba limebeba vifaa viwili vya asili tofauti. Kuna kile kinachofuata saa ya ukutani, mathalani kinachowasha taa za nje saa 12 jioni na kuzizima alfajiri, bila kujali jambo lolote lililotokea siku hiyo. Na kuna kile kisichojua ni saa ngapi duniani. Kinachojua ni kwamba swichi imebonyezwa, na kuanzia hapo kinahesabu sekunde zake. Cha kwanza ningekiita swichi ya saa. Cha pili ndicho kicheleweshi. Ukimwambia muuzaji "taima" anaweza kukupa chochote kati ya hivyo, na vyote viwili vina uso wenye namba na kitufe cha kuzungusha.

Tofauti hii inaonekana vizuri zaidi kwenye makufuli ya sefu za benki kuliko kwenye umeme. Mnamo 1873 James Sargent, mtengeneza makufuli wa Rochester huko Marekani, alitengeneza kufuli linaloendeshwa na saa, ambalo likishafungwa jioni haliwezi kufunguliwa hadi saa zilizopangwa ziishe, hata kwa mtu mwenye namba sahihi za siri. Sababu yake ilikuwa ya kutisha: majambazi walikuwa wakimfuata mtunza sefu nyumbani usiku na kumlazimisha aje kufungua. Kufuli lile lilimwondolea mtunza sefu uwezo wa kufungua, na hivyo likaondoa maana ya kumtesa. Hilo linafuata saa. Lipo kufuli jingine ambalo saa yake huanza pale tu mtu anapoingiza namba sahihi, kisha humngojesha dakika kadhaa kabla ya kufunguka. Hilo linamlenga jambazi anayeingia mchana, kwa sababu jambazi wa mchana hapendi kusimama akingoja. Ukiyaita yote mawili "kufuli la taima", utamfungia mwenye benki kitu kisichomkinga na adui anayemwogopa.

#4

Nafanya kazi ya kufunga mota, nami niunge mkono sehemu ya hoja na kupinga sehemu nyingine.

Sisi kwenye mota hutenganisha "kuchelewesha kuwasha" na "kuchelewesha kuzima" kwa lazima, kwa sababu hata michoro inatenganisha. Kwenye lugha ya kuprogramu vidhibiti vya mitambo, ile iliyowekwa katika kiwango cha IEC 61131-3 (IEC ni tume ya kimataifa ya viwango vya umeme), vipo vitalu vya muda vyenye majina TON, TOF na TP. Cha kwanza huchelewesha kuwasha, cha pili huchelewesha kuzima, na cha tatu hutoa pigo moja la muda maalumu na kunyamaza, hata kama amri imedumu zaidi au imekwisha mapema. Huyo wa tatu simwiti kicheleweshi, maana hachelewi kuanza. Anaanza papo hapo na kupima tu muda wa kukaa. Hata hivyo dukani naye ni "taima".

Mfano ninaoukuta kila siku ni uwashaji wa mota kubwa kwa sta na delta, yaani namna mbili za kuunganisha nyaya za ndani ya mota. Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo wa mara 5 hadi 8 ya mkondo wake wa kawaida. Ikianzishwa kwa sta, mkondo unaovutwa kwenye laini hushuka hadi theluthi moja ya huo, na mwendo ukishapanda, rilei huihamisha kwenye delta. Hapo kuna ngojo mbili, na watu huiona moja tu. Ya kwanza ni zile sekunde chache za mota kupata mwendo. Ya pili ni upenyo mdogo sana wa makumi ya milisekunde kati ya kontakta (swichi kubwa ya umeme ya mota) ya sta kuachia na ya delta kushika, ili zisikutane zote zimefunga na kuleta shoti. Rilei za kazi hiyo zina upenyo huo ndani yake, na aliyetumia taima ya kawaida bila kuufikiria huja kuuliza kwa nini kontakta zake zinaungua.

Ninachopinga ni kuilaumu lugha. Kosa la feni yako lisingezuiwa na jina.

#5 Mleta uzi

Nimekuelewa, kaka, na nimepunguza makali. Jina peke yake lisingeniokoa. Ila agizo lililoandikwa kwa ukamilifu lingemlazimisha muuzaji, au mimi mwenyewe, kuuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Nimelipenda hilo neno "ngojo" ulilolitumia bila kulitafutia kamusi. Kwa muda wenyewe, yaani zile sekunde, "muda wa kungoja" unafaa kuliko "muda wa kuchelewa". Kifaa ni kicheleweshi. Kinachopangwa kwenye kitufe chake ni muda wa kungoja.

#6

Na hii "fyuzi ya polepole" mnaiweka wapi? Fundi wangu aliniambia fyuzi iliyoungua ni ya polepole, kwa hiyo nisiweke ya kawaida.

#7 Mleta uzi

Alikuambia kweli, nawe usiweke ya kawaida. Fyuzi ndogo za kioo zina herufi kwenye kofia yake ya chuma kabla ya kiwango cha ampea. Herufi F ni ya fyuzi nyepesi na T ni ya ile yenye kusita. Herufi hizo zinatokana na maneno ya Kijerumani, flink, maana yake mwepesi, na träge, maana yake mvivu au mzito wa kuondoka. Wajerumani nao, kama mnavyoona, hawakuogopa kukipa kifaa cheo cha uvivu.

Kazi ya fyuzi ya T ni kuvumilia ule mshituko mfupi wa mkondo wakati transfoma au mota inapoanza, ambao si hitilafu. Ukiweka ya F hapo, itakatika kila unapowasha. Ukifanya kinyume, ukaweka ya T mahali palipotakiwa F, fyuzi inaweza kusubiri huku vipande vya saketi ilivyopaswa kuvilinda vinaungua, nayo ibaki nzima.

Lakini sikubali iitwe kicheleweshi, na neno "polepole" nalo linapotosha. Fyuzi ya T haina muda wa kungoja uliopangwa. Mkondo ukizidi kidogo, inachukua muda mrefu. Ukizidi sana, kama kwenye shoti kamili, nayo inakatika kwa kufumba na kufumbua. Anayeisikia ikiitwa ya polepole huamini kwamba hata kwenye shoti itajivuta, na hilo si kweli. Ningeiita fyuzi stahimilivu, kwa sababu kinachofanyika pale ni ustahimilivu wa joto: waya wake, au uzito wa ziada uliounganishwa nao, huchukua muda kupata moto wa kutosha kuyeyuka.

Wapo ndugu zake wakubwa wenye tabia hiyohiyo, zile rilei za ulinzi ambazo muda wake hupungua kadiri mkondo unavyoongezeka. Kwenye mkunjo wa kawaida wa IEC, yaani mchoro unaoonyesha kila ukubwa wa mkondo hungojewa muda gani, pale kizidisho cha muda (namba inayozidishwa na muda wote wa mkunjo) kikiwekwa 1, mkondo wa mara 2 ya kiwango kilichopangwa hungojewa sekunde 10 hivi, na wa mara 10 hungojewa sekunde 3 tu. Hapo muda si namba moja bali ni uhusiano, na jina linalofaa ni la maelezo: rilei ya muda unaopungua kwa ukubwa wa mkondo. Ni refu, lakini sijaona fupi lisilodanganya.

Niongeze jambo moja la pembeni kwa watafsiri wenzangu. Kiingereza kina neno moja kwa fyuzi ya umeme na kwa utambi wa baruti, Kiswahili tunayo mawili, na bado nimewahi kusoma maelekezo ya redio yaliyomtaka mtumiaji "abadilishe utambi". Utambi kweli ni kicheleweshi, pengine cha zamani kuliko vyote. William Bickford alipopata hataza ya utambi wake wa usalama huko Cornwall, Uingereza, mwaka 1831, alichowapa wachimba migodi kilikuwa ngojo inayotabirika. Kabla ya hapo moto ungeweza kuwahi au kusinzia, na mtu akirudi kutazama kwa nini mwamba haujalipuka, ndipo ulipuke. Fyuzi ya redio haihusiani na habari hiyo hata kidogo.

#8

Naongeza upande wa elektroniki, maana watu hudhani ndani ya kicheleweshi kuna saa. Mara nyingi hakuna saa yoyote. Kuna kapasita inayojazwa umeme kupitia kinzani, kama pipa linalojazwa kwa bomba jembamba, na kuna sehemu inayotazama kina cha pipa. Zidisha ukinzani kwa ukubwa wa kapasita upate kipimo cha muda: kinzani ya kiloohm 100 na kapasita ya mikrofaradi 100 hutoa sekunde 10, na katika muda huo kapasita inakuwa imefikia asilimia 63 hivi ya volti inayoilisha. Ile chipu maarufu ya 555, aliyoibuni Hans Camenzind mwaka 1971 na kuuzwa na Signetics kuanzia 1972, hungoja kapasita ifike theluthi mbili ya volti, kwa hiyo kwa vifaa hivyohivyo utapata sekunde 11.

Sasa angalieni: kapasita za aina ile huwa na uvumilivu wa asilimia 20 juu au chini, na zikizeeka hukauka. Kicheleweshi chako cha sekunde 11 kinaweza kuwa cha 9 au cha 13 siku ya kwanza tu. Kwa taa ya ngazi haina neno. Kwa kazi ya mwenzetu wa mota, nisingekitumia.

#9

Mimi ni mfamasia, na naona mjadala wenu unatugusa. Vidonge vingine vimefunikwa kwa utando usioyeyuka kwenye asidi ya tumbo, hadi dawa ifike kwenye utumbo mwembamba. Vingine hutoa dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Kwenye tafsiri za Kiswahili nimekuta vyote vikiitwa "vya kuchelewa".

#10 Mleta uzi

Dada, mfano wako umeeleza kwa sentensi tatu nilichokuwa nazunguka nacho. Kile cha kwanza huchelewesha mwanzo: hakitoi kitu, hakitoi kitu, kisha kinatoa. Cha pili kinaanza mapema lakini kinaurefusha mwendo. Kuchelewa kuanza na kwenda polepole ni mambo mawili, na Kiswahili kinayatenganisha vizuri tukikiacha kifanye kazi yake. Ningeandika "kidonge cha kuchelewesha kuyeyuka" kwa hicho cha utando, na "kidonge cha kutoa dawa polepole" kwa kile kingine. Naona pia kwamba kichocheo cha hicho cha kwanza si saa bali ni mahali: hupungua asidi ndipo utando uachie. Hapo kidogo kanuni yangu ya kutaja muda inalegea, nami nakubali ilegee.

Nadhani ndiyo maana mgonjwa huambiwa asikisage kidonge cha namna hiyo.

#11

Ndiyo hasa, na kuna sababu mbili tofauti. Omeprazole hufunikwa ili asidi isiiharibu dawa. Aspirini ya aina hiyo hufunikwa ili dawa isilidhuru tumbo. Akikisaga, ameondoa kicheleweshi, na kile cha kutoa polepole akikisaga ni hatari zaidi, maana dozi ya saa nyingi huweza kuingia kwa mkupuo.

#12

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kwenye ubao wa umeme nina vikatizi viwili vya mkondo unaovuja (vile vinavyokata umeme unapovuja nje ya njia yake, kama kupitia mwili wa mtu), kimoja kikubwa mwanzoni na kingine mbele yake. Kile kikubwa kina herufi S ndani ya mraba. Je, nacho ni kicheleweshi? Na je, si hatari kuchelewesha kitu kinachookoa maisha?

#13 Mleta uzi

Ni kikatizi chenye kicheleweshi ndani yake, na hapa ndipo neno linapostahili kabisa. Cha kawaida, mkondo unaovuja ukifikia kiwango chake, kinatakiwa kikate ndani ya milisekunde 300. Chenye S, kwa mkondo huohuo, kinatakiwa kivumilie walau milisekunde 130 bila kukata, na kisivuke 500. Ngojo hiyo ndogo humpa nafasi mdogo wake aliye karibu na hitilafu akate kwanza, ili nyumba nzima isizimike kwa sababu ya pasi moja. Ndiyo maana cha S huwekwa mwanzoni, na kinga ya mtu anayegusa waya huachiwa kile cha mbele kisichongoja. Ukivibadilisha nafasi, wasiwasi wako utakuwa wa haki.

Na kwa kuwa ndugu wa #4 alisema jina lisingeniokoa, nimeandika upya agizo lile la kabati ili aseme mwenyewe kama lina pengo: "Rilei ya kuchelewesha kuzima feni, hesabu ianze pale umeme wa hita unapokatwa, muda wa kungoja sekunde 90 unaoweza kurekebishwa, nayo iwe na umeme wake wa kudumu au akiba ya ndani ya kuhesabia."

#14

Lina pengo moja. Hujataja ampea za feni.